Chumba Tulichokirudisha Kisafi

Nyumbani
3 Machi

Mwanangu,

Uliniambia nisikutajie habari za baba yako, la sivyo utaacha kuniandikia. Nami tangu hapo nimekuandikia habari za paa, za jirani na za magoti yangu, kana kwamba naishi peke yangu. Leo ahadi hiyo imekwisha yenyewe. Baba yako amefariki. Alikuwa kibandani, amekaa kwenye kigoda chake, kufuli ya mteja mkononi. Muuza viatu wa kibanda cha pili alidhani amesinzia, akawa anamtania kwamba mchonga funguo analala huku wezi wako macho. Alipoona hajibu ndipo akainuka kumtazama.

Tumekwisha kumzika. Watu walikuwa wengi, hata wale ambao hawakuwa wakimsalimia. Sikuweza kukupigia, wewe mwenyewe wajua masikio yangu niliyaacha kule kiwanda cha nguo, na namba yako hukunipa. Kwa hiyo unapata habari hii kwa barua, ikiwa imekwisha kupoa. Nisamehe kwa hilo.

Kuna jambo lingine. Mikono ya baba yako ilipoanza kutetemeka, Mjomba wako Waya alimtengenezea tovuti ya kibanda, awe anafundisha watu habari za vitasa, wasiuziwe vibovu. Alikataa katakata kuwekwa kwenye kompyuta ya kuchangia na wengine. Alisema hapangi kitanda bwenini. Akapanga chumba chake mwenyewe ndani ya kompyuta kubwa ya watu. Ndivyo alivyonieleza: nyumba moja, vyumba vingi, kila mpangaji na mlango wake na kufuli yake, na mwenye nyumba hana ufunguo. Ulipaswa kumwona alivyokuwa akilisema hilo la mwisho.

Humo ndani alikuwa na ukurasa mmoja uliofungwa. Hapo alikuwa akikuandikia wewe. Anwani yake aliituma kwenye namba yako ya zamani, na amekufa akiamini kwamba unasoma.

Alisema maneno yale ni yako na si ya mtu mwingine. Kodi ya chumba inaisha mwisho wa mwezi huu. Niambie unataka kuyasoma au niyaache yalale naye. Nimeshika ahadi yako na ahadi yake, zote mbili kwa mikono hii hii, na sitaki kuvunja yoyote bila kukuuliza.

Kula vizuri. Ukilia, lia ukiwa umekaa.

Mama yako


Kazini
12 Machi

Mama,

Barua yako niliifungua kwenye chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo, mahali lifti zinapovutwa. Kuna kelele huku, hakuna aliyenisikia. Pole sana, Mama. Ningekuwa karibu ningekushika mkono. Hilo naliandika kwanza ili usije ukafikiri sina huruma.

La pili ni kwamba sitaki kusoma chochote. Namba ile niliitupa wiki niliyoondoka, kwa hiyo kama aliamini nasoma, alijidanganya, au kuna mtu alimdanganya.

Unakumbuka siku ile au umeamua kuisahau? Yule mtu alikuja na mfuko wa mboga na nguo za kazi, akasema funguo zimedondoka, mke yuko safarini. Alijua hata swichi ya sebuleni iko upande gani. Baba alikuwa amekwenda kununua shaba, nikaenda mimi, nikafungua. Kesho yake mwenye nyumba halisi alirudi akakuta wamebakiza misumari ukutani. Watu walipojaa kibandani, nilimtazama Baba. Nilidhani atasema amenifundisha mwenyewe, kwamba hata yeye angeweza kudanganywa. Akasema, "Huyu si wangu. Ni mwanafunzi tu, na kuanzia leo si mwanafunzi."

Si wangu. Mbele ya muuza viatu, mbele ya watoto wa shule. Jioni alikula chakula nilichopika.

Sasa naambiwa alikuwa akiniandikia kwa siri, ndani ya chumba chenye kufuli. Alinikana mchana kweupe, halafu akanibembeleza mafichoni. Mwambie Mjomba akifunge hicho chumba, afute kila kitu, yaishe. Yeye amepumzika, na mimi naomba nipumzike.

Nakutumia shuka mbili na mafuta ya magoti. Usiyatumie kwa mkupuo kama ulivyofanya yale ya kwanza.

Mwanao


Kazini
18 Machi

Mama,

Kama ile barua niliyokuandikia wiki iliyopita imefika, ichome. Kama haijafika, ikifika usiifungue. Usimwambie Mjomba afute. Nimetafuta namba yake kila mahali. Ile niliyonayo anaipokea mama mmoja muuza mitumba, amenikasirikia kwa kumpigia mara kwa mara na mwishoni akaniuzia blauzi. Barua hii naipeleka kwa wale wa vifurushi vya haraka.

Nikueleze kilichotokea. Juzi lifti ilikwama kati ya ghorofa mbili na ndani yake mzee mmoja, fundi saa, peke yake. Alianza kuupigapiga mlango. Nikalala kifudifudi kwenye korido nikazungumza naye kupitia upenyo, na maneno yaliyonitoka hayakuwa yangu. Nikamwambia, "Mzee, mlango hauna ugomvi na wewe. Usiusukume, usikilize." Unajua hayo ni ya nani. Nilikuwa mdogo nikiyasikia kibandani kila siku, hata nikawa namwigiza ukicheka.

Mzee akatulia. Nilipomtoa alinishika mkono kunishukuru, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikajiuliza ya Baba ilianza kutetemeka lini. Sijui. Nilimwacha mikono yake ikiwa imetulia kama meza.

Nilikuandikia kwa hasira, na hasira hasara, ulinifundisha mwenyewe. Nataka kuyasoma. Yote, hata kama ni ya kunigombeza. Nataka kujua kama lile neno, kwamba mimi si wake, alilirudisha. Ni hilo tu, Mama. Kama alilirudisha, hata kwa mafumbo, hata mara moja, nitaweza kuishi nalo. Niandikie anwani na namna ya kufungua, au mwambie Mjomba anipigie kwenye namba niliyoandika nyuma ya bahasha.

Mwanao anayekuomba radhi


Nyumbani
20 Machi

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili imefika pamoja na shuka. Ni nzuri, ile ya michirizi nimeitandika.

Nimeisoma mara mbili kisha nimekuelewa. Sikulaumu. Niliogopa utasema hivyo, na nilipaswa kukuheshimu kama nilivyoahidi. Kwa hiyo jana nilikwenda kwa Mjomba wako, kwenye duka lake la kukodisha kompyuta, nikamwandikia kwenye karatasi kama tunavyofanya siku zote, kwamba tunarudisha chumba. Akaniuliza kwa maandishi kama nina hakika. Nikamwonyesha barua yako. Akakuna kichwa, akaniuliza tena. Nikamwandikia kwamba nina hakika.

Nimeishi kwenye vyumba vya kupanga tangu nilipoolewa. Wewe mwenyewe umezaliwa kwenye cha tatu. Hakuna hata kimoja tulichoondoka tukakiacha kichafu. Nilikuwa nafagia, nachomoa misumari, naziba matundu kwa sabuni, na wenye nyumba walikuwa wakitusifu kwamba hao ndio wapangaji. Sikutaka baba yako, aliyekuwa na sifa hiyo maisha yake yote, aache chumba chake cha mwisho na vitu ndani. Tena nilifikiri: mpangaji mwingine akiingia atayakuta maneno yale ukutani. Atasoma habari za nyumba yetu, za aibu na zisizo za aibu. Baba yako alisema si ya mtu mwingine.

Nikamwambia Mjomba wako afagie kabisa, asibakize hata karatasi. Alifuta ukurasa wako kwanza, kisha mafunzo ya vitasa, kisha vyote vilivyosalia, halafu akawaandikia wenye nyumba kwamba mpangaji amefariki na chumba kiko tayari. Wakajibu siku ile ile kwamba wamekichukua, na wakatoa pole. Watu wastaarabu.

Mwanangu, tumekirudisha kisafi. Sasa pumzika kama ulivyoomba.

Mama yako


Nyumbani
26 Machi

Mwanangu,

Barua yako ya pili imefika leo asubuhi, kwa kijana wa vifurushi aliyeitafuta nyumba yetu siku kadhaa. Nimeweka sahihi kabla ya kujua ninachosaini.

Sijui niandike nini. Nimemwomba Mjomba wako akuandikie, yeye anayajua ya mitambo. Labda kuna njia.

Mama yako


Dukani
28 Machi

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa yule mjomba uliyekuwa ukimwita Waya kwa sababu ya miguu. Miguu bado ni ile ile, kilichoongezeka ni tumbo. Nilitaka kukupigia lakini nimeshindwa. Nimeishika simu mara kadhaa nikaona ukiniuliza swali moja tu nitakwama. Kwenye karatasi angalau naweza kukata mstari.

Nikuambie lililo gumu kwanza: hakuna njia. Nimewaandikia wenye kampuni iliyompangisha baba yako, nimewabembeleza, hata nimewaambia uongo kwamba mimi ndiye marehemu. Nisamehe, nilikuwa natapatapa. Jibu lao ni moja. Ngoja nikueleze kwa nini, usije ukadhani ni roho mbaya.

Kuna kompyuta moja kubwa, imewekwa kwenye jengo lenye ubaridi, haizimwi asubuhi wala usiku. Hiyo ndiyo seva. Ukitaka tovuti yako ionekane duniani lazima ikae kwenye mashine ya namna hiyo. Mwenye uwezo anakodi mashine nzima, kama mtu aliyepanga nyumba nzima na uwanja wake. Asiye na uwezo anachangia na mamia ya wengine, na mmoja akijaza wageni, nyote mnabanana. Katikati ndipo alipokaa baba yako. Ile mashine moja wanaikata vipande kwa programu, na kila kipande kinajiona ni kompyuta kamili: kina nafasi yake, nguvu yake na mfumo wake, na mlango ni wake. Jirani akianguka wewe huanguki. Wenyewe wanaiita VPS. Baba yako aliiita chumba, na sikuwahi kusikia mtu aliyeielewa upesi vile.

Ila uhuru una mzigo wake. Kampuni inatunza jengo, umeme na mtandao, lakini yaliyomo ndani ni yako. Hawaingii. Ukitaka wakutunzie nakala ya akiba, unawaomba na wao wanakuwa na njia ya kuingia. Nilimshauri shemeji aombe. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aache mlango wazi. Akasema, "Ufunguo wa pili ndio mwizi wa kwanza." Akakataa nakala. Nikamwambia basi andika kwenye simu kwanza, ndipo uyapeleke kule. Hilo nalo akakataa, alikuwa akiandika moja kwa moja humo humo chumbani. Fundi funguo ni fundi funguo hata kwenye mtandao.

Mpangaji akiondoka, kile kipande kinavunjwa na nafasi yake anakatiwa mtu mwingine. Hapakuwa na haja ya kufagia, wao wenyewe wanafuta kila kitu. Mpangaji mpya hakuti hata vumbi la mwenzake. Mama yako hakujua hilo, na mimi sikulisema kwa sababu hakuniuliza. Nilifikiri anafanya kama mtu anayemkunjia marehemu nguo zake. Sasa analijua.

Mimi sikusoma. Ningeweza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekitengeneza chumba, lakini shemeji alinikataza, na alikuwa mtu wa kujua kitasa chake kimeguswa. Ila nilipokuwa nafuta kuna kitu nilikiona, na nimejadiliana na nafsi yangu kama nikuambie.

Seva huandika kila mgeni anayeingia, ameingia saa ngapi, ametoka wapi na amefungua ukurasa gani. Shemeji hakujua kusoma hayo, alikuwa anaona namba tu, kwamba leo amekuja mmoja. Siku namba ikisogea, alikuwa akipita hapa dukani kunipa habari kana kwamba amepata barua. "Amesoma," ananiambia. Wala hakai, anarudi zake kibandani.

Kabla ya kubonyeza niliiangalia orodha ile. Ukurasa wako ulikuwa na mgeni mmoja, wa siku zote. Anwani yake naijua kwa sababu ni ya duka langu. Na saa zile mtu anayekaa kwenye kompyuta ya dirishani ni mmoja, anayeniambia kwamba anaangalia mishono ya magauni. Nikageuka. Mama yako alikuwa nyuma yangu, anaangalia orodha ile ile. Akatazama pembeni. Nami nikabonyeza, kwa sababu nilikuwa nimeshika barua yako mkono wa pili.

Mpwa wangu, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nafikiri kuna mtu mmoja duniani ameyasoma maneno yale yote. Muulize kwa upole.

Mjomba wako


Kazini
9 Aprili

Mama yangu,

Mjomba ameniandikia. Amenieleza habari za vyumba, na amenieleza pia nani alikuwa akikaa dirishani.

Usiogope. Sikuandikii kukushtaki. Mimi ndiye niliyesema futa, wewe ulitii. Kama kuna mtu wa kushtakiwa, nimekaa naye kwenye kiti kimoja na tunavaa kiatu kimoja. Majuto ni mjukuu, na wangu amezaliwa na meno yote.

Kuna kitu kimoja tu kinachonitesa. Ningekuwa sikukufunga mdomo, ungeniambia. Ningekuwa sikukukataza, ungenitumia anwani siku ile ile aliyoanza. Nilitaka kumwadhibu yeye, nikakupa wewe mzigo wa watu wawili, na hukuwahi hata kulalamika. Ulikuwa unaniandikia habari za paa.

Mama, niambie unachokumbuka. Sitaki maneno yenyewe kama huna. Niambie tu kama alilirudisha lile neno. Kama hakulirudisha, niambie pia. Usinitengenezee. Nitajua, mimi nimelelewa na wewe.

Mwanao


Nyumbani
17 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikikaa kuandika nilikuwa nakumbuka jambo jingine, nikainuka.

Ni kweli, ni mimi. Niliingiaje? Baba yako aliweka neno la siri ambalo alisema unalijua wewe tu duniani. Fundi mzima wa vitasa. Aliweka lile jina alilokupa ulipofungua kufuli yako ya kwanza, Mkono Mwepesi, akasahau kwamba siku anakupa jina hilo mimi nilikuwa pale pale napepeta mchele, masikio yangu yakiwa bado mazima. Sikumwambia.

Sikwenda kwa nia ya kuchungulia. Mwanzoni alipoanza kuandika alikuwa akirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Namba haisogei. Ananiandikia kwenye ubao wetu, "Hajaja." Siku ya pili, "Hajaja." Mimi najua ulipo, najua sanduku lako la posta, na nimekuapia nisimwambie. Yeye anakuandikia kila siku na ameniapisha nisikutafute kwa niaba yake, kwamba uje mwenyewe kwa hiari. Nikawa nimekaa katikati yenu na funguo zote mbili, na siruhusiwi kufungua upande wowote. Basi siku moja nikaenda dukani kwa mdogo wangu, nikakaa dirishani, nikaingia. Jioni baba yako alirudi akaandika kwenye ubao, "Amekuja." Akanisaidia kuosha vyombo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuoane. Baada ya hapo ningewezaje kuacha?

Wakati mmoja niliugua, nikalala. Namba ikasimama. Baba yako akaanza kuzunguka chumbani, ananiandikia kwamba mtoto ni mgonjwa huko aliko, hana wa kumpa hata maji. Alikuwa ananikanda kwa kitambaa huku anakulilia wewe. Niliinuka na homa yangu, nikamwambia naenda kununua chumvi. Alipopata habari yake jioni ile alilala kama mtoto mchanga, na mimi nikatetemeka hadi asubuhi. Sikujuta. Najuta mengine.

Sasa swali lako. Alikuandikia mengi. Mengi ni ya kitasa hiki na kitasa kile, na namna muuza viatu anavyomtania. Mengine nayakumbuka vipande vipande. Kuna moja la mvua iliyomkuta njiani, lilikuwa zuri, lakini nimelipoteza mwisho wake, nalitafuta kila siku na halirudi. Ninge­kuwa najua nitaulizwa, ningelisoma polepole zaidi. Nilikuwa nasoma kama mtu anayeiba.

Lakini hili ninalo lote. Nililisoma mara nyingi, kwa sababu siku aliyoliandika alirudi nyumbani na rangi kwenye vidole na hakutaka kuniambia ni ya nini. Sikutengenezei. Ni hivi alivyoandika:

"Mkono Mwepesi, leo yule mwenye nyumba aliyeibiwa ameniita nibadilishe kitasa chake. Ni mara ya kwanza kuniita tangu siku ile. Nilisimama mlangoni pale uliposimama wewe. Nikajiuliza ningemwuliza nini yule mtu. Amekuja na mfuko wa mboga, anajua swichi iko wapi, anasema amechoka. Mimi ningefungua. Ningefungua na kumwomba radhi kwa kumchelewesha. Lile neno nililisema kwa woga. Niliogopea kibanda, nikamtoa mtoto nikabakiza meza na tupa za kuchongea. Niliporudi nilimwambia muuza viatu, na yeye ni mtangazaji, atawafikishia wote, kwamba yule ni wangu. Kisha nikakishusha kibao cha kibanda nikakiandika upya. Ukipita utakiona. Usipopita, kitakuwa hapo hapo."

Nilikwenda kukiona kesho yake. Kimeandikwa FUNDI FUNGUO NA BINTI. Hilo la mwisho herufi zake zimepinda, mikono ilikuwa imekwisha kuanza kumcheza. Watu walimuuliza binti gani, naye anawajibu yuko safarini.

Kibao bado kipo. Kibanda bado kina vitu vyake, kigoda, mashine ya kuchonga, na ile kufuli ya mteja haijafunguliwa, mwenyewe anakuja kuiulizia. Mwenye kiwanja amenitumia ujumbe anataka kujua kama tunaendelea. Nimefikiri nikifagie mwisho wa wiki nimrudishie, kwa kuwa hakuna wa kukitumia na sipendi watu waseme tumeacha uchafu. Lakini safari hii nimeona nikuulize kwanza, na nitasubiri jibu, na likija la kwanza nitasubiri la pili.

Mama yako


Kazini
24 Aprili

Mama,

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Huenda nikafika kabla ya barua hii, basi tutaisoma pamoja.

Mwambie yule mwenye kufuli asubiri. Kibanda usikirudishe. Na usikifagie.

Binti